Kupanda ndeke si kufika

Huku kwetu Ubwari, Kongo, ndugu akipiga simu kutoka kambi ya Nyarugusu kusema kesho anapanda ndeke ya Amerika, hongera tunapewa hata sisi tuliobaki. Majirani hukaa uani mpaka usiku. Kanisani hutolewa sadaka ya shukrani. Na neno huwa ni lile lile, kutoka Yungu mpaka Baraka, kutoka Kazimia mpaka Fizi: "Mutu akishapanda ndeke, alishafika."

Neno hilo nimelisikia kwa wachungaji, kwa wavuvi, kwa walimu wenzangu, na kwa wenyewe walioko Amerika wanaotutumia sauti kwenye WhatsApp. Nalipinga. Limewaponza watu wetu na linazidi kuwaponza. Aliyepanda ndeke amevuka, hajafika. Kufika ni siku anaposhika karatasi inayosema kwamba hapa anaweza kukaa mpaka azeeke, na karatasi hiyo hailetwi na ndeke. Hudaiwa kwa sheria, hatua baada ya hatua, na anayeidai bila mtu wa kumwongoza katika sheria hiyo anapapasa gizani.

Siidharau furaha ya siku ya safari. Naijua ilikotoka. Vita vya 1996 vilipofika Uvira na Fizi, watu walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi, watoto mgongoni, sufuria moja mkononi, wakatua Kigoma. Mwishoni mwa mwaka huo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa huko Kigoma. Mauaji ya Makobola, mwisho wa 1998, yakawavusha wengine. Mtoto aliyebebwa mgongoni mwaka ule amekuwa mzazi katika kambi ile ile, hana ruhusa ya kwenda mjini bila kibali, hana shamba la kumrithisha mwanawe. Mwaka 2015 ukatangazwa mpango wa kuwahamishia Marekani Wakongomani zaidi ya 30,000 kutoka kambi hiyo. Mtu aliyehojiwa mara tano au sita, akapimwa afya, akachukuliwa alama za vidole, ana kila sababu ya kuamini kwamba maswali yamekwisha. Imani hiyo ndiyo inayomponza.

Sheria ya Marekani inasema hivi: mkimbizi akitimiza mwaka mmoja nchini, lazima arudi mbele ya serikali akaguliwe tena kama anastahili kuwa mkaaji wa kudumu. Hayo ndiyo maombi ya grini kadi, fomu ya I-485. Mkimbizi halipi ada ya fomu hiyo. Akikubaliwa, ukaaji wake huhesabiwa tangu siku aliyotua, na miaka mitano tangu siku hiyo anaweza kuomba uraia. Ni sheria yenye ukarimu, sikatai. Lakini mlango wake lazima mtu aubishe mwenyewe. Shirika lililompokea uwanja wa ndege lilimtafutia nyumba, likawaandikisha watoto shule, likamwonyesha basi la kwenda kazini. Huduma hiyo ya mwanzo kwa kawaida ilikuwa ya siku 90. Mwaka unapotimia, faili lake kwenye shirika lilishafungwa zamani, naye yuko zamu ya usiku kiwandani.

Wanaosema "alishafika" wangetazama yaliyotokea Novemba 2025. Idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, iliamuru kesi za wakimbizi walioingia kati ya Januari 2021 na Februari 2025 zipitiwe upya, na maombi yao ya grini kadi yasimame kwanza. Watu walioambiwa "ndiyo" baada ya miaka ya mahojiano wakasikia kwamba ile ndiyo inaweza kuulizwa tena. Aliyekuwa na nakala ya kila karatasi na mtu wa sheria wa kumpigia simu aliogopa, lakini alijua pa kushika. Aliyeambiwa amefika hakuwa na hata pa kuanzia.

Na si Amerika tu. Ng'ambo ya ziwa, Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa kuwa Watanzania. Ni zaidi ya watu 162,000, jambo kubwa ambalo nchi chache duniani zimelifanya. Walikubaliwa mwaka 2010, lakini vyeti vilianza kutolewa mwishoni mwa 2014. Miaka minne hiyo walikuwa watu wa wapi? Uraia wa Burundi walishaukana, wa Tanzania hawajaushika. Kati ya kukubaliwa na kushika karatasi kuna bonde, na katika bonde hilo mtu anaweza kukaa mpaka nywele ziote mvi.

Sasa nichukue hoja za wenzangu moja moja, maana si wajinga, na wanayoyasema wanayasema kwa nia njema.

Wanasema kwanza: avoka ni wa mtu mwenye kosa. Asiyeiba wala kupigana anamtafuta wa nini? Naelewa. Huku kwetu wakili huonekana siku mtu anapofungwa, na mwenye wakili hudhaniwa ana la kuficha. Lakini sheria ya uhamiaji ina makosa ambayo mtu mwema huyafanya akitabasamu. Mama anakwenda ofisi ya leseni ya udereva. Karani anampitisha haraka kwenye karatasi, anamuuliza kama anataka pia kujiandikisha kupiga kura. Mama, aliyefundishwa kuwa raia mwema, anajibu ndiyo na kutia sahihi. Hajui kwamba ametia sahihi maneno yanayosema yeye ni raia wa Marekani. Kudai uraia usio nao ni miongoni mwa makosa mazito kabisa katika sheria ile, na kunaweza kumfungia mtu mlango wa grini kadi. Mwingine amehama nyumba bila kuijulisha serikali ndani ya siku 10, kama sheria inavyotaka. Kijana wa miaka 20 hakujiandikisha kwenye orodha ya jeshi inayowahusu wanaume wa miaka 18 hadi 25, wakimbizi wakiwemo. Akija kuomba uraia ataulizwa. Hakuna aliyeiba hapo, na kila mmoja ana shida ambayo nusu saa na mtu wa sheria ingeizuia.

Wanasema pili: fomu ni fomu tu, mtoto aliyesoma Kiingereza atajaza. Hoja hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu inambebesha mtoto mzigo usio wake, na kwa sababu inadhani tofauti kati yetu na fomu ile ni ya lugha. Tofauti si ya lugha. Fomu ile haiujui ukoo wetu, haiyajui majina yetu, haivijui vita vyetu.

Anza na ukoo. Kwetu mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu. Kaka akiuawa, wanawe hawaitwi yatima nyumbani mwangu. Wanakula sahani moja na wangu na wananiita papa. Sasa tuseme mimi ndiye mkimbizi. Siku ya kuandikishwa kambini nikasema nina watoto saba, na ni kweli ninao saba. Miaka kumi baadaye niko Amerika. Sheria inaniruhusu kumwombea mke na watoto niliowaacha, fomu ya I-730, ndani ya miaka miwili tangu nifike. Baada ya hapo mlango huo hufungwa isipokuwa kwa sababu nzito. Naomba wale waliobaki, naombwa vipimo vya damu, na wawili wanaonekana si wangu. Mbele ya afisa nimekuwa mwongo, na uongo huo unaweza kuivuta chini kesi nzima, hata ya wale watano. Katika Kibembe sikusema uongo, katika Kiswahili sikusema uongo. Nilihitaji mtu mmoja tu, mapema, wa kuniambia: baba, hapa wanauliza damu na hati ya mahakama; tueleze tangu mwanzo kwamba hawa wawili ni wa marehemu kaka yako.

Njoo kwenye majina. Tangu Mobutu alipoyafuta majina ya Kizungu mwaka 1972 kwa siasa yake ya uhalisi, Mkongomani amezoea kuwa na jina lake, jina la pili, na baadaye, lilipokubaliwa tena, la ubatizo, na halazimiki kubeba la baba yake. Ndugu wanne wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina manne yasiyofanana hata herufi. Fomu ya Amerika inataka jina la familia. Karani wa kambi akaweka jina la pili mahali pa kwanza, wa safari akageuza, na tarehe ya kuzaliwa isiyojulikana ikawa Januari 1. Siku ya kuthibitisha kwamba huyu ni mke wangu na huyu ni mdogo wangu, karatasi zinatuonyesha wageni tuliokutana ndani ya ndeke.

Sisi watu wa Ubwari tulipaswa kulielewa hili kabla ya wengine wote. Mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke walivuka ziwa wakafika huku. Hawakuizunguka ghuba iliyo kati yetu na bara mpaka mwisho wake, na wakaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Mvuvi yeyote angewaambia kwamba mtu hutoka Ubwari kwenda bara kwa miguu. Hata hivyo ramani za Ulaya zilituchora kisiwa kwa miaka, mpaka wasafiri wengine walipokuja kusahihisha. Likishaandikwa na mwenye kalamu, kosa huwa na nguvu kuliko nchi yenyewe. Faili la mkimbizi ni ramani ya namna hiyo, na ghuba ile inaweza kuzungukwa upya tu na mtu anayejua namna ya kuomba faili, kulisoma na kulisahihisha kisheria.

Halafu vita. Katika fomu ya grini kadi mtu huulizwa kama amewahi kulisaidia kundi lenye silaha kwa chakula, fedha, malazi au usafiri. Naomba kila mtu wa Fizi ajijibu moyoni. Hapa Ubwari tumeishi miaka na wapiganaji wa Yakutumba na makundi mengine yenye silaha ya Mai-Mai. Mvuvi aliyetua alfajiri akakuta bunduki ufukweni, akatoa nusu ya samaki wake. Mama aliyeambiwa apike. Mwenye mtumbwi aliyeamriwa kuvusha watu usiku. Huku nyumbani hayo ni kunyang'anywa. Katika sheria ya Marekani iliyopanuliwa baada ya Septemba 2001, kundi lolote la watu wawili au zaidi wanaotumia silaha kwa ukatili linaweza kuhesabiwa la kigaidi, na sahani ya ugali inaweza kuhesabiwa msaada. Maneno ya sheria yenyewe hayamtengi aliyelazimishwa. Tangu 2007 serikali ina uwezo wa kumwondolea kizuizi hicho mtu aliyetoa kwa kutishwa, lakini hupewa anayeeleza alivyotishwa, lini, na nani, na kwa nini hakuweza kukataa.

Sasa mpe fomu hiyo kijana wa miaka 17 aliyezaliwa kambini. Mama yake yuko jikoni, amechoka. Kijana anasoma swali, anacheka kidogo, anatia alama kwenye "hapana". Ndani ya faili, katika mahojiano ya miaka ya nyuma, kuna sentensi ya mama huyo huyo akilia kwamba wenye silaha walichukua mbuzi zake wakamlazimisha kuwapikia. Karatasi mbili, viapo viwili, maneno mawili. Mama hakudanganya popote. Aliachwa peke yake na swali ambalo hata mwenye shahada angeliogopa, na mwanawe akafanywa wakili bila kuulizwa kama anataka.

Wanasema tatu: mawakili ni ghali, na wengine ni wezi. Hapa nawapa haki yao. Sheria ya Marekani inampa mhamiaji haki ya kuwa na wakili, lakini inasema wazi kwamba serikali haitamlipia. Mwizi wa kuku akikosa fedha anaweza kupewa wa bure. Mama anayekabiliwa na kufukuzwa nchini hapewi. Watafiti wawili wa sheria, Ingrid Eagly na Steven Shafer, walichunguza kesi za kufukuzwa zaidi ya milioni 1.2 zilizoamuliwa kati ya 2007 na 2012. Waliokuwa na mtu wa kuwatetea walikuwa 37 kwa mia, na kati ya waliofungwa, 14 kwa mia. Kesi zinazofanana zikilinganishwa, uwezekano wa mwenye mtetezi kuruhusiwa kubaki ulizidi wa asiye naye mara tano na nusu. Hizo ni kesi za kufukuzwa, si za grini kadi, nami sizichanganyi. Lakini aliyeharibu maombi ya kadi ndiye anayeweza kujikuta kwenye zile za kufukuzwa.

Basi kama wakili ni ghali, tunakwenda kwa nani? Kwa komisionere. Tunamjua huyu mtu tangu nyumbani: wa kupata pasi, wa kupitisha mzigo bandarini, wa kuharakisha cheti. Ukimbizini naye alikuwako, na Amerika naye yuko, anazungumza lugha yetu, anasali nasi. Mdogo wangu, anayefanya kazi ya kukata nyama katika mji mmoja wa huko, alimlipa mtu wa namna hiyo dola 600 amjazie fomu ambayo serikali haitozi ada. Yule mtu aliandika anuani ya zamani. Barua ya kumwita kwa alama za vidole ikaenda nyumba aliyokwisha kuhama, siku ikapita, na maombi yakahesabiwa kwamba mwenyewe ameyaacha. Nilipomuuliza kwa nini hakutafuta wakili, alinijibu kwa upole: "Yaya, niliogopa bei." Ameanza upya. Miaka miwili imekwenda, na yule mtu bado hupewa kiti cha mbele kwenye sherehe.

Kati ya wakili wa bei kubwa na komisionere kuna njia ya tatu, na watu wetu wengi hawaijui. Wizara ya Sheria ya Marekani huyatambua mashirika yasiyo ya faida na huwaidhinisha wafanyakazi wao wasio mawakili kuwawakilisha wahamiaji, baada ya mafunzo na chini ya usimamizi. Mashirika kama Catholic Charities na IRC yana ofisi za namna hiyo katika miji mingi wanakoishi watu wetu. Kazi hufanywa bure au kwa malipo madogo. Nasisitiza jambo moja: anayeidhinishwa halazimiki kuwa Mmarekani wa kuzaliwa wala mwenye shahada ya sheria. Binti wa Kibembe anayejua tofauti kati ya mtoto wa kuzaa na mtoto wa marehemu kaka, anayejua Mai-Mai walitozaje samaki, akifundishwa sheria hiyo, atawafaa watu wa Fizi kuliko wakili wa ghorofani. Tuna wahitimu wa vyuo huko. Kwa nini hatumtumi hata mmoja?

Wanasema nne, na siku hizi wanalisema kwa uchungu: mlango umefungwa, sheria ni ya wenye nguvu. Januari 20, 2025, rais wa Marekani alisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Watu waliokwisha kuuza vitanda na masufuria yao wakaambiwa safari imefutwa. Aliyeshuhudia hilo akikata tamaa, sina neno la kumlaumu. Lakini asiseme kwamba sheria haikusimama. Mwezi uliofuata ilifunguliwa kesi katika mahakama ya Seattle, na mlalamikaji wa kwanza ni Mkongomani mkimbizi aliyekuwa Kenya akingoja ndege na mkewe na mtoto mchanga. Februari 25 jaji Jamal Whitehead alizuia agizo la kusimamisha. Mahakama ya rufaa ikaipunguza sana amri yake mwezi Machi. Mapambano hayo hayakumaliza kiu, lakini mkimbizi wa Kongo alimshtaki rais wa Marekani na akasikilizwa, kwa sababu mawakili walikubali kusimama naye bila yeye kulipa.

Jirani zaidi, Uganda, ambako watu wetu wengi wanakaa Nakivale na Kampala, wanasheria walikwenda Mahakama ya Katiba kuuliza: mkimbizi anaweza kuwa raia? Mwaka 2015 mahakama ikajibu kwamba njia ya kuandikishwa imefungwa kwake, lakini anaweza kuomba kwa njia ya kutajinisiwa. Wengi walisikia nusu ya kwanza tu ya jibu. Nusu ya pili ni mlango, hata kama ni mwembamba na hata kama makarani wanausukuma ufungwe. Asiye na mtu wa kumsomea hukumu hujua tu kwamba amekataliwa.

Na kuna swali ambalo kwetu halijadiliwi kabisa, kwa kuwa tumeambiwa kwamba karatasi zote ni baraka moja. Katiba yetu ya 2006, na sheria ya uraia ya Novemba 2004 kabla yake, zinasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine. Anayechukua uraia wa Marekani, kisheria ameupoteza wa Kongo, hata kama mjomba anamtambua na kaburi la babu liko Ubwari. Mwenye ukaaji wa kudumu hajaupoteza. Kwa mwingine uraia wa kule ndio ulinzi pekee wa kweli, hasa nyakati hizi ambapo kadi yenyewe inatikisika. Kwa mwingine, mwenye shamba la baba na nia ya kurudi kuzeekea Baraka, jambo linahitaji kupimwa, na kujua kwamba sheria yetu inayo njia ya kuurudia uraia uliopotea. Mimi sisemi achague lipi. Nasema achague akiwa macho, baada ya kukaa na mtu anayezijua sheria mbili. Leo wengi wanachagua kwa kuiga jirani.

Sitamaliza bila kugeuza uso huku nyumbani. Katika Fizi yetu hii kuna Lusenda, kambi iliyofunguliwa 2015 Warundi walipokimbia machafuko ya mwaka ule, na kuna Mulongwe iliyofuata. Tunawaona sokoni, wanalima nasi, watoto wao wanasoma na wetu. Na tukiulizwa wanahitaji nini, tunajibu maharagwe na hema. Sheria baadaye. Lakini mkataba wa Geneva wa 1951, ambao Kongo imeukubali, unasema katika kifungu cha 16 kwamba mkimbizi, mbele ya mahakama za nchi anakokaa, atatendewa kama mwananchi, msaada wa kisheria ukiwemo. Kifungu cha 34 kinazitaka nchi zimrahisishie uraia kadiri ziwezavyo na kupunguza gharama zake. Sheria yetu wenyewe ya Oktoba 2002 iliunda tume ya taifa ya wakimbizi na tume ya kusikiliza rufaa za waliokataliwa. Kukata rufaa ni kuandika, ni kutaja sababu, ni kuwahi siku. Nani pale Lusenda anamwandikia mama asiyejua Kifaransa? Tunaomba Wamarekani watufanyie lile ambalo hatujawafanyia Warundi walio kilomita chache kutoka mlangoni petu. Anayeamini kwamba karatasi ni haki, aiamini na kwa jirani.

Wataniuliza fedha itoke wapi. Itoke pale inapotoka ya matanga. Mtu wetu akifa Amerika au Nyarugusu, kabla jua halijazama vikundi vya simu vimejaa majina na kiasi. Wavuvi wa Ubwari wanachanga, mama wa mihogo wanachanga, wa Amerika wanatuma mamia ya dola. Hakuna anayeuliza marehemu alikuwa na kosa gani. Kwa siku tatu tunapata fedha ambayo ingelipa mwaka mzima wa mafunzo ya mwakilishi mmoja aliyeidhinishwa, au safari za mwanasheria mmoja kwenda Lusenda. Sisemi tuache kuzika kwa heshima. Nasema chama kinachojua kuchangia maiti kimekwisha kujua kuchangia. Kilichobaki ni kukubali kwamba aliye hai naye ana msiba, na kwamba msiba wake una tarehe inayojulikana mapema: mwaka mmoja tangu kutua, miaka miwili kwa mke na watoto waliobaki, siku 10 kila anapohama.

Na sisi tuliobaki, ambao hatuna dola, tuna simu. Kwa miaka tumempigia ndugu kumuuliza kama amepata kazi, kama ameona theluji, kama atatuma kitu. Tubadilishe swali. Mwaka wake ukikaribia kutimia, mama wa Yungu achukue simu amwambie mwanawe: mwaka wako unatimia, juu ya karatasi zako umemwona nani? Asikubali jibu la "Mungu anajua". Aulize jina la mtu, na kama ameidhinishwa. Siku mwana atakapoweza kumjibu, na akamtumia picha ya kadi yenyewe, hapo ndipo tutoe sadaka ya shukrani, na majirani wakae uani mpaka usiku.